Nani Huondoka na Kumbukumbu? Faili za Tafsiri ya Kikamba, Kitui na Makueni

Kaunti inapotoa pesa za umma ili waraka wa bajeti utafsiriwe kwa Kikamba, inanunua nini? Jibu la haraka ni waraka wenyewe: kurasa kadhaa zinazosomeka, zikabidhiwe, zipigwe muhuri, mfasiri alipwe aende zake. Lakini mfasiri wa siku hizi haandiki kwenye ukurasa mtupu. Programu anayoitumia huyakata maandishi vipande vipande, aghalabu sentensi kwa sentensi, na kila kipande kinapokamilika huhifadhi jozi: Kiingereza upande mmoja, Kikamba upande wa pili. Jozi hizo zikilundikana ndizo tunazoziita kumbukumbu ya tafsiri. Sentensi ile ile ikirudi mwakani, programu humletea mfasiri tafsiri iliyokwisha kufanywa. Ikirudi imebadilika kidogo, humwonyesha palipobadilika. Kwa hivyo kazi moja huzaa vitu viwili, na mkataba hutaja kimoja tu. Ninalotetea hapa ni kwamba kwa lugha ya ukubwa wa Kikamba kitu cha pili kina thamani kushinda cha kwanza, na kwamba thamani hiyo huokolewa au hupotea pale faili inapotoka katika programu moja kuingia katika nyingine.

Mahali pa kulipima dai hili ni hapa hapa Ukambani, nchini Kenya. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Kaunti hizi mbili zina wadi 70 kwa jumla, 40 Kitui na 30 Makueni, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka ziwape wananchi elimu ya uraia na kuwashirikisha katika maamuzi. Makueni imejijengea jina nchini kwa mfumo wa ushirikishaji unaoanzia kijijini na kupanda hadi ngazi ya kaunti. Huko kijijini watu huzungumza Kikamba, ilhali karatasi zinazojadiliwa huandikwa kwa Kiingereza. Na karatasi hizo hujirudia mno. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, nayo ya 2012, inataka mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kisha kuna mpango wa miaka mitano, ambao umeshaandikwa kwa vipindi vilivyoanza 2013, 2018 na 2023. Vichwa ni vile vile, aya za utangulizi ni zile zile, zinazobadilika ni tarakimu na majina ya miradi. Utabiri wa msimu ni vivyo hivyo. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tegemeo kuu la mkulima wa huku, na kila mwaka utabiri wake husema moja kati ya mambo 3: mvua itazidi kawaida, itakaribia kawaida, au itapungua chini ya kawaida. Anayetafsiri maneno haya upya kila mwaka anachimba kisima kando ya kisima.

Historia ya Kikamba kilichoandikwa inatupa ushahidi ambao wengi hawaufikirii wanapozungumzia tarakilishi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849 akapokelewa na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa misafara. Mwaka uliofuata Injili ya Marko kwa Kikamba ilipigwa chapa Tübingen, Ujerumani. Baadaye wamisionari wa Leipzig walikaa Ikutha, kusini mwa Kitui, na mwaka 1895 Africa Inland Mission ikaanza kazi Nzaui, katika Makueni ya leo. Agano Jipya lilitoka 1920, Biblia nzima 1956, na mwaka 2014 mwanatheolojia John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, akatoa Agano Jipya alilolitafsiri mwenyewe moja kwa moja kutoka Kigiriki. Tahajia ya Krapf si ya leo, wachapishaji ni tofauti, na kati ya Marko wa kwanza na Marko wa Mbiti kuna miaka 164. Hata hivyo mtu anaweza kuziweka kazi hizo mbili sambamba na kuzilinganisha kifungu kwa kifungu asubuhi moja, bila programu yoyote. Kinachomwezesha ni sura na aya. Mchapishaji Robert Estienne alipolitia Agano Jipya nambari za aya mwaka 1551, alitengeneza, pasipo kukusudia, kiwango cha kubadilishana tafsiri ambacho hakuna cha wahandisi kilichowahi kukifikia: aya ya 4 ya sura ya 2 ni hiyo hiyo katika kila lugha, katika kila kitabu, mikononi mwa kila mfasiri. Programu ya Paratext wanayotumia watafsiri wa Biblia leo huhifadhi maandishi kwa mtindo uitwao USFM, ambao kiini chake ni alama za kawaida za kuonyesha sura inaanzia wapi na aya inaanzia wapi. Programu hiyo ikifa kesho, maandishi yatafunguka kwa kihariri chochote na jozi zitapatikana.

Sasa uweke waraka wa kaunti kando ya hapo. Hauna aya zenye nambari zinazotambulika kwingine. Mwanasheria atasema ibara za mswada zina nambari, na ni kweli, lakini jedwali la bajeti halina, wala tangazo la chanjo, wala shauri la kilimo. Katika waraka huo kinachoambatanisha sentensi ya Kiingereza na ya Kikamba ni programu ya mfasiri peke yake, na uambatanisho huo umelala ndani ya faili ya programu hiyo. Leseni ikiisha, mfasiri akihama, zabuni ikienda kwa kampuni nyingine, kinachobaki ofisini mjini Wote, makao makuu ya Makueni, au mjini Kitui ni waraka wa Kiingereza na waraka wa Kikamba, kila mmoja kivyake, na kuvioanisha vipande vyake upya ni kazi ya mikono. Matokeo yake yanaonekana waziwazi: Kikamba kilichopo tayari kwa matumizi ya mashine kimejaa maandiko matakatifu, na Kikamba cha bajeti, cha zahanati na cha mbegu za ndengu hakionekani, ingawa kimetafsiriwa na kulipiwa mara nyingi.

Ulimwengu wa wafasiri uliliona tatizo hili mapema. Muungano wa sekta ulioitwa LISA, ulioanzishwa 1990, ulitunga kiwango cha TMX ili kumbukumbu ihame kutoka programu hadi programu. Toleo linalotumika hadi leo, 1.4b, ni la 2005. LISA yenyewe ilifilisika 2011. Kilichotokea baada ya hapo kinastahili kutiliwa maanani: mwenye kiwango alikufa, kiwango kikaishi, kwa kuwa kilikuwa wazi na kila mtengenezaji wa programu alikwisha kukijengea mlango. Kando yake kuna XLIFF, kilichotungwa na shirika la OASIS kuanzia 2002. Toleo la 1.2 ni la 2008, la 2.0 ni la 2014, na mwaka 2017 hilo la 2.0 likawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Vyote viwili ni maandishi ya XML, lakini kazi zake hutofautiana: TMX hubeba kumbukumbu ya kazi iliyokwisha, XLIFF hubeba kazi yenyewe ikiwa bado njiani, kutoka kwa mfasiri kwenda kwa mhariri na kurudi, pamoja na hali ya kila kipande, kama kimetafsiriwa, kimepitiwa au kimeidhinishwa. Programu za tafsiri za Trados, memoQ, Wordfast na OmegaT, hii ya mwisho ikiwa hailipiwi, zote husoma na kuandika TMX. Kwenye karatasi, basi, jambo limekwisha. Kwenye tarakilishi ya mfasiri wa Mwingi au Kibwezi halijaisha.

Tuchukue neno moja tu: kĩw'ũ, yaani maji, neno ambalo haliwezi kukosekana katika waraka wowote wa kaunti hizi mbili. Lina herufi 4 na kiapostrofi kimoja. Kikamba kina irabu 7, na mbili kati yake huandikwa kwa kuweka kiwimbi juu ya i na u. Unicode, kiwango cha kuwakilisha herufi kwenye tarakilishi, inakubali herufi hiyo ya i iandikwe kwa njia mbili: kama herufi moja kamili iliyoumbwa na kiwimbi chake, au kama i ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi kinachoelea na kuikalia. Vivyo hivyo kwa u. Kiapostrofi nacho kina sura mbili, kile kilichonyooka cha kibodi na kile kilichopinda ambacho Word hukiweka yenyewe bila kuulizwa. Mbili mara mbili mara mbili ni 8. Msomaji akiangalia skrini anaona neno moja. Programu inaona maneno 8 yasiyofanana. Mfasiri mmoja akitumia kibodi inayotoa herufi kamili na mwenzake inayotoa kiwimbi kinachoelea, kumbukumbu ya wa kwanza ikiingizwa kwa wa pili itafunguka vizuri, haitatoa onyo lolote, lakini akitafuta namna mwenzake alivyolitumia neno hilo ataambiwa halimo. Hiyo bado ni hali nzuri. Kuna waandishi wanaoviacha viwimbi kabisa kwa haraka ya simu, na kuna nyaraka za zamani zilizochapwa kwa fonti za kubuni, kwa kuwa mpangilio wa herufi uliotawala Ulaya Magharibi kabla ya Unicode ulikuwa na ã na õ za Kireno na ñ ya Kihispania, lakini haukuwa na ĩ wala ũ. Dawa ya tatizo la Unicode ipo na ni rahisi: maandishi yote yageuzwe kuwa umbo moja lililounganishwa, na kiapostrofi kimoja kichaguliwe, kabla ya faili kuingia kwenye kumbukumbu. Ni kazi ya dakika chache kwa anayejua kuwa inahitajika. Mwongozo wa Trados au wa memoQ hautamwambia hivyo mfasiri wa Kikamba, maana haukuandikwa kwa kumfikiria yeye.

Mahali pengine ambapo faili huvunjika nitapapitia haraka. Kwanza ni msimbo wa lugha. Msimbo wa Kikamba ni herufi 3, kam, na programu kadhaa zimekaa miaka mingi bila kukiweka kwenye orodha ya lugha. Mfasiri hulazimika kuazima jina la lugha nyingine, na kumbukumbu yake husafiri ikiwa na paspoti isiyo yake. Kiswahili nacho hukwama kwa kosa dogo zaidi: faili iliyoandikwa sw-KE hukataliwa na mradi uliofunguliwa kwa sw-TZ, kana kwamba ni lugha mbili. Pili ni ukataji wa vipande. Programu moja hukata kwenye nukta mbili, nyingine haikati, moja inajua kwamba nukta baada ya “Bw.” si mwisho wa sentensi, nyingine haijui. Kuna kiwango cha kubebea kanuni hizo, SRX, ila ni wachache wanaokituma pamoja na kumbukumbu. Tatu ni alama za ndani, zile zinazobeba herufi nzito na viungo: kila programu huzihesabu kivyake, na TMX ya ngazi ya kwanza huziacha kabisa. Hapa sioni sababu ya kulia sana. Herufi nzito iliyopotea hurudishwa kwa kubofya. Sentensi iliyopotea ndiyo ya kulilia.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa afisa wa ununuzi, nalo lina mantiki. Kwa nini kuhangaika na viwango? Kaunti inunue jukwaa moja la mtandaoni, wafasiri wote waingie humo, suala la kubadilishana faili liishe. Ubaya wa wazo hili ni kwamba linalihamisha tatizo kutoka kwa wafasiri kwenda kwa kaunti na kulifanya kubwa zaidi. Kampuni za sekta hii hununuliwa na kuuzwa: Trados ilichukuliwa na SDL mwaka 2005, na SDL ikachukuliwa na RWS mwaka 2020. Serikali ya kaunti huchaguliwa kila baada ya miaka mitano, na ada ya jukwaa ni ya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Siku ada hiyo isipolipwa, kumbukumbu ya miaka yote imo ndani na mlango umefungwa. Tena wafasiri hawana mwajiri mmoja. Anayetafsiri bajeti ya Makueni leo hutafsiri kesho kijitabu cha afya cha shirika fulani, keshokutwa taarifa ya benki, na kila mteja ana jukwaa lake. Jukwaa si dhambi. Kaunti ikitaka, ilinunue, mradi mkataba useme kwamba TMX kamili itatolewa kila robo mwaka na kuwekwa katika hifadhi ya kaunti yenyewe, na mtu aifungue katika programu nyingine kuthibitisha kwamba imefunguka. Bila uthibitisho huo, kifungu cha mkataba ni mapambo.

Pingamizi la pili ni la kisasa zaidi: mashine sasa zinatafsiri zenyewe, kumbukumbu ya nini? Ni kweli kwamba mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa mfumo wa kutafsiri lugha 200, na Kikamba kimo. Lakini mfumo huo hupimwa kwa sentensi 3,001 za FLORES, mkusanyiko wa kupimia tafsiri za mashine, ambazo zilitafsiriwa na watu, na hufundishwa kwa jozi za sentensi, ambazo asili yake ni watu pia. Jozi za Kikamba zilizo wazi ni chache na nyingi ni za dini. Kwa hiyo mashine haiondoi haja ya kumbukumbu. Yenyewe ndiyo mla kumbukumbu mkubwa kuliko wote. Mtu anayetaka mashine iseme Kikamba cha mifereji na ruzuku hana njia nyingine ila kuihifadhi kazi ya wafasiri wa mifereji na ruzuku katika umbo linalohamishika. Anayewaachisha kazi leo kwa sababu mashine ipo anaikausha mashine hiyo hiyo.

Wengine watauliza kuhusu siri, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa haki ya kuuliza. Jibu langu ni kutofautisha. Bajeti, mipango na utabiri wa msimu ni nyaraka za umma tangu mwanzo. Kumbukumbu yake haifichui lolote ambalo halikubandikwa ukutani. Barua za wagonjwa na kesi za watoto zisiingie kamwe katika kumbukumbu ya pamoja. Lakini kuna jambo moja ambalo wanaotaja siri mara nyingi hawalioni. Kila kipande cha TMX kinaweza kubeba tarehe kilipoundwa na utambulisho wa aliyekiunda. Faili ikitolewa bila kusafishwa, humwonyesha mpokeaji nani alifanya kazi saa ngapi ya usiku, na kwa kasi gani. Data inayohitaji kulindwa katika nyaraka za umma ni ya mfasiri mwenyewe, na kuiondoa ni hatua moja ya kichujio kabla ya kukabidhi. Kwa upande mwingine kuna sifa ya kuongezwa: TMX inaruhusu kila kipande kitiwe maelezo, na hapo ndipo pa kuandika kama ni Kikamba cha Kitui au cha upande wa Masaku, yaani Machakos. Hofu kwamba kumbukumbu ya pamoja itaimeza lahaja moja ni hofu ya haki, na kumbukumbu isiyo na lebo itafanya hivyo kweli.

Limebaki pingamizi la wafasiri wenyewe, nalo ndilo zito kuliko yote. Watasema: kumbukumbu ni mtaji wangu. Niliijenga sentensi kwa sentensi. Nikiikabidhi, mwakani kaunti itampa kijana wa bei rahisi, naye atalipwa nusu kwa vipande ambavyo mimi nilivifikiria. Sina jibu la kuifuta hofu hii, kwa maana imetokea mahali pengi duniani: wateja hupewa kumbukumbu, kisha hudai punguzo kwa kila kipande kinachofanana. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kwa jumla, inaiweka kazi iliyoagizwa mikononi mwa aliyeagiza isipokuwa makubaliano yaseme vingine, na wakili wa kaunti ataegemea hapo. Mfasiri naye atajibu kwamba kilichoagizwa ni waraka, si jozi. Nadhani wote wawili wana sehemu ya haki, na ndiyo sababu jambo hili lisiachiwe mahakama. Kukabidhi kumbukumbu ni kazi: kusawazisha herufi, kurekebisha misimbo, kuondoa majina, kuweka lebo za lahaja, kujaribu faili katika programu ya pili. Kazi hulipwa. Zabuni iwe na mstari wake peke yake, wenye bei yake, tofauti na bei ya kila neno. Kaunti nayo ijifunge kwa maandishi kwamba haitaitumia kumbukumbu iliyopewa kudai punguzo kwa mfasiri yule yule aliyeitengeneza, na kwamba mfasiri atabaki na nakala yake na ruhusa ya kuitumia kwa wateja wengine. Mwenye shaka kwamba hilo litaongeza gharama anaweza kulifanyia hesabu kwa waraka mmoja: achukue mpango wa maendeleo wa mwaka jana na wa mwaka huu, ahesabu maneno ya sentensi zilizorudi bila kubadilika hata nukta, kisha azidishe kwa bei ya neno ambayo kaunti imelipa mara mbili.